Tamaa ya Kino: ngano ya lulu ya La Paz na novela iliyozaliwa nayo

Wasomaji wengi wanapofika mwisho wa The Pearl, novela ya mwandishi Mmarekani John Steinbeck, huifunga wakiwa na methali moja mdomoni: tamaa mbele, mauti nyuma. Methali hiyo inaonekana kukaa mahali pake. Mzamiaji maskini anapata lulu ambayo kwao haijawahi kuonekana mfano wake, anakataa bei anayopewa, anaing'ang'ania hata pale mke wake anapomsihi waitupe, na mwishowe anarejea kijijini akiwa na bunduki mkononi huku mke wake amebeba maiti ya mtoto wao ndani ya shali. Mwalimu anaweza kuiandika methali hiyo ubaoni na somo likaisha.

Somo likiishia hapo, naona kitabu kinakuwa hakijasomwa. Neno lenyewe, tamaa, lina nyuso mbili katika lugha yetu. Mwenye tamaa ni mtu asiyetosheka, anayetaka cha kwake na cha mwenzake, na huyo tunamlaumu. Lakini aliyekata tamaa ni mtu aliyezimikiwa na matumaini, na huyo tunamwonea huruma na kumtia moyo aendelee. Kwa hiyo tamaa ni kitu ambacho mtu analaumiwa kwa kuwa nacho na anasikitikiwa kwa kukikosa. Novela ya Steinbeck imesimama juu ya mstari huo hasa unaotenganisha nyuso hizo mbili, na swali lake gumu ni kama mtu maskini anaweza kuwa na ile ya pili bila kushukiwa kuwa na ile ya kwanza. Ili kuliona swali hilo vizuri, ni lazima kwanza kurudi kwenye kisa kidogo ambacho novela ilichipuka kutoka kwake, kwa sababu kisa hicho kinasema jambo tofauti kabisa.

Mwezi Machi 1940, Steinbeck na rafiki yake Ed Ricketts, mtaalamu wa viumbe vya baharini, waliondoka Monterey katika jimbo la California kwa meli ya uvuvi iliyoitwa Western Flyer, wakashika njia ya kusini hadi Ghuba ya California, ambayo wao walipenda kuiita kwa jina lake la zamani, Bahari ya Cortez. Kazi yao ilikuwa kukusanya viumbe vya pwani wakati maji yamekupwa: kaa, kiti cha pweza, majongoo ya bahari na vingine vingi visivyojulikana ila na wataalamu. Kitabu cha safari hiyo, Sea of Cortez, kilitoka Desemba 1941. Ndani yake, kati ya maelezo ya mawe, mikondo na majina ya Kilatini, kuna kisa kilichosimuliwa kuwa kilitokea La Paz, mji wa bandari ulio upande wa kusini wa rasi ya Baja California, nchini Mexico.

Kisa chenyewe ni kifupi. Kijana mmoja wa Kihindi, yaani wa wenyeji asili wa nchi hiyo, alipata kwa bahati lulu kubwa isiyoaminika. Papo hapo akajua kwamba hatahitaji kufanya kazi tena. Angeweza kulewa kwa muda wote atakao, angeweza kuoa msichana yeyote kati ya wengi na bado akawafurahisha wengine kadhaa, na tena angeweza kulipia misa mapema, za kumtoa yeye mwenyewe toharani na za kuwasogeza marehemu wake hatua chache karibu na peponi. Akaenda kwa dalali wa lulu, akapewa bei ya kudhihaki. Akaenda kwa wa pili, bei ni ile ile. Baada ya kuzunguka akaelewa kwamba madalali wote walikuwa mikono mingi ya kichwa kimoja. Akaificha lulu chini ya jiwe ufukweni. Usiku huo akapigwa rungu hadi akazimia, nguo zake zikapekuliwa. Usiku wa pili alilala kwa rafiki yake, wakajeruhiwa wote wawili na kufungwa kamba. Akakimbilia bara, akaviziwa na kuteswa. Mwishowe, akiwa na majeraha yake, akatambaa usiku kurudi La Paz, akaitoa lulu chini ya jiwe, akailaani, akaitupa mbali kadiri ya nguvu zake zote ndani ya mkondo wa maji. Akawa mtu huru tena, roho yake ikiwa hatarini na chakula chake hakijulikani kitatoka wapi, na jambo hilo likamchekesha sana.

Kisa kinaishia kwenye kicheko hicho. Lakini baada ya kukisimulia, Steinbeck aliongeza maoni yake, na maoni hayo ndiyo mbegu ya novela. Alisema kisa huenda ni cha kweli, lakini kwamba hakiaminiki, kwa sababu kijana huyo ni shujaa mno na ana hekima mno. Anajua mambo, kisha anatenda kufuatana na anachokijua, na katika kila hatua anakwenda kinyume na mwelekeo wa binadamu. Kwa maneno mengine, mwandishi alikutana na ngano inayofundisha kuacha mali, akaipenda, lakini hakuiamini.

Mimi naisoma The Pearl kama jibu lake kwa kutoamini huko. Ni kana kwamba alijiuliza: binadamu wa kawaida, si shujaa wa ngano, angehitaji kupitia nini ndipo mkono wake ukubali kuirusha lulu kama ile baharini? Na ili kulijibu alifanya badiliko moja ambalo limebeba mengine yote. Alimwondoa kijana asiye na mke wala mtoto, akaweka mahali pake Kino, mwenye mke aitwaye Juana na mtoto mchanga aitwaye Coyotito. Matamanio nayo yakabadilika. Pombe na wasichana vimetoweka. Kino akiitazama lulu anaona ndoa ya kanisani ambayo hawakuweza kuigharimia, nguo mpya, chusa cha chuma badala ya kile kilichopotea, bunduki, na mwisho kabisa, kama jambo ambalo hata yeye linamshtua linapotoka kinywani, anaona mwanawe amekaa kwenye dawati la shule. Mtoto atasoma, atafungua vitabu, atajua kilichomo, na kupitia kwake wao pia watajua. Kijana wa ngano aliweza kuitupa lulu akacheka, kwa sababu alichokuwa anakitupa ni anasa zake mwenyewe. Mzazi hawezi kucheka anapotupa shule ya mtoto wake.

Inafaa kuangalia kwa nini shule, na jibu limefichwa katika tukio linaloanza kila kitu. Asubuhi moja nge anashuka kwenye kamba ya kitanda cha Coyotito na kumchoma begani. Juana anaifyonza sumu kwa mdomo, kisha anasema neno ambalo majirani hawajazoea kulisikia katika vibanda vyao: daktari. Daktari hajawahi kufika huko, kwa nini aje, naye ana zaidi ya anachoweza kufanya kuwahudumia matajiri wa nyumba za mawe. Basi wao wanamfuata, na kijiji kizima kinafuata nyuma yao. Daktari yumo ndani, ameketi kitandani na kikombe chake cha chokoleti, akiota ndoto za Paris. Anauliza kama wana pesa. Yeye ni daktari, si tabibu wa wanyama. Kino anatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi yenye lulu nane ndogo, bapa na za kijivu, zisizo na thamani, na mtumishi anarudi kusema daktari ametoka. Kino anapiga ngumi lango hadi vifundo vya vidole vinapasuka.

Kisha Juana anafanya jambo dogo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Wakiwa kwenye mtumbwi, anachukua mwani wa kahawia, anautengeneza kuwa dawa ya kubandika, anauweka kwenye bega la mtoto lililovimba. Steinbeck anasema dawa hiyo ilikuwa nzuri kama yoyote, na pengine bora kuliko ya daktari, ila haikuwa na heshima kwa sababu ilikuwa rahisi na haikugharimu chochote. Na Juana haombi moja kwa moja kwamba mtoto apone. Anaomba wapate lulu ya kumlipa daktari ili amponye mtoto. Hapo lulu haijapatikana bado, na tayari watu hawa wameshafundishwa kwamba cha kwao hakitoshi na kwamba uzima unauzwa upande wa pili wa ukuta. Mtego uliwekwa kabla ya chambo.

Daktari anaposikia habari za lulu anakuja mwenyewe, kwa miguu yake, hadi kwenye kibanda. Mtoto anaendelea vizuri, uvimbe unapungua. Lakini daktari anavuta kope la mtoto chini na kumwonyesha Kino rangi ya samawati ndani yake. Je, rangi hiyo huwa hapo siku zote? Kino hajui. Daktari anaweza kuwa anasema kweli, anaweza kuwa anadanganya, na Kino hana njia ya kupima, kwa hiyo hathubutu kukataa. Mtoto anapewa unga mweupe ndani ya kidonge laini. Muda si mrefu anatapika na kukakamaa kwa maumivu. Saa moja baadaye daktari anarejea, anamtuliza, kisha anauliza habari za malipo. Anajifanya hajasikia lolote kuhusu lulu. Anashauri kwa upole kwamba kitu cha thamani kiwekwe mahali salama, na anapoongea anayakodolea macho ya Kino, kwa sababu anajua kwamba macho yatamsaliti, yatakimbilia pale ilipofichwa. Yanakimbilia kweli, kwenye sakafu karibu na nguzo ya pembeni. Usiku huo huo mtu anakuja kufukua.

Ndiyo maana shule. Tamaa ya Kino haitoki katika kutaka kuwa tajiri kama daktari. Inatoka katika kutaka siku moja kuwepo mtu wa nyumba yake anayeweza kuangalia kope la mtoto na kujua. Sijui jina jingine la tamaa ya aina hiyo isipokuwa matumaini.

Wakati huo mji wenyewe umeamka. Habari zinaenea La Paz kana kwamba mji ni mnyama mmoja mwenye mishipa ya fahamu. Padre anakumbuka matengenezo ambayo kanisa linahitaji. Wenye maduka wanazitazama nguo za kiume ambazo hazijauzika. Ombaomba walio mbele ya kanisa wanachekelea, kwa kuwa wanajua hakuna mtoa sadaka kama maskini aliyepata bahati ghafla. Kila mtu anaiingiza lulu ya Kino katika hesabu zake, na kwa kuwa mtu mmoja tu ndiye anayesimama kati yao na hesabu hizo, Kino anakuwa adui wa kila mtu bila kujua. Steinbeck analinganisha sumu inayotengenezwa na mji na ile ya nge. Nge wa kwanza alimchoma mtoto. Wa pili ni mji mzima.

Lakini sehemu ambayo mimi hurejea mara nyingi zaidi ni ile ya wanunuzi wa lulu, kwa sababu hapo Steinbeck anaeleza namna uroho unavyofanya kazi bila hata kuhitaji mtu mroho. Hapo zamani, anasema, wanunuzi walikuwa wengi na walishindana, na katika joto la ushindani baadhi yao walitoa bei kubwa mno. Hilo likaonekana ni upotevu. Sasa yuko mnunuzi mmoja tu, na wanaokaa katika ofisi zile ndogo, kila mmoja peke yake, ni mawakala wake wanaoigiza ushindani. Hawa wanalipwa mshahara. Kino akiuza kwa bei kubwa au ndogo, mfukoni mwao hakiongezeki kitu. Hata hivyo wanapata msisimko wa mwindaji, kwa kuwa katika kazi yao aliye bora ni yule anayenunua kwa bei ya chini kabisa. Watu hao wanamwibia maskini kwa ajili ya sifa ya kazi nzuri, na jioni wanarudi nyumbani wakiwa baba wema na marafiki wa kweli.

Tumtazame mmoja wao kwa karibu. Ni mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kibaba. Anapomsubiri Kino anacheza na sarafu: anaiviringisha juu ya vifundo vya vidole, inakwenda na kurudi, inapotea, inaonekana tena, inametameta, na yeye haitazami hata kidogo. Kino anapoingia, mkono ule unajificha nyuma ya meza na kuendelea na mchezo wake huko. Kino anatoa mfuko wa ngozi, anafungua kipande laini cha ngozi ya paa kilichochakaa, na kuiacha lulu iviringike kwenye sinia yenye kitambaa cheusi cha mahameli. Kisha anainua macho kuuangalia uso wa mnunuzi, na uso huo haubadiliki hata chembe. Lakini nyuma ya meza mkono uliofichwa unakosea. Sarafu inajikwaa kwenye kifundo, inateleza, inaanguka bila sauti mapajani mwake, na vidole vinajikunja kuwa ngumi.

Katika sarafu hiyo iliyoanguka mna bei halisi ya lulu. Bei inayotamkwa ni nyingine: lulu ni kubwa mno, nani atainunua, ni kitu cha kushangaza tu cha kuwekwa katika jumba la makumbusho, peso 1,000. Kino anasema ina thamani ya 50,000. Wanaitwa wengine watatu ili kuthibitisha kwamba hakuna hila. Wa kwanza anakataa kabisa kuihusu, anaiita kioja. Wa pili anaipima kwa kioo cha kukuzia na kusema ni laini kama chaki, itapoteza rangi na kufa baada ya miezi michache. Wa tatu anatoa peso 500. Hapo dau la 1,000 linaanza kuonekana kama ukarimu, na Kino anapoifunga lulu yake kwa hasira na kusema ataipeleka mji mkuu, mnunuzi wa kwanza anapanda haraka hadi 1,500. Wasomaji wanaosema Kino aliponzwa na tamaa humaanisha kwamba angepokea peso 1,500. Ni kweli, angezipokea, pengine Coyotito angeishi. Lakini tukisema hivyo tumekubali kwamba maskini anayedai bei ya haki ndiye mroho, na anayempunja ni sehemu ya hali ya hewa, kama mvua.

Kaka yake, Juan Tomás, anaelewa vizuri zaidi. Anamwambia kwamba hakuwapinga wanunuzi wa lulu peke yao, bali amepinga mpangilio mzima, namna nzima ya maisha, naye anamhofia. Na si yeye wa kwanza. Wazee waliwahi kuchanga lulu zao na kumtuma mtu mmoja aziuze mji mkuu, hakuonekana tena. Wakamtuma mwingine, naye akapotea. Kanisani padre aligeuza habari hiyo kuwa mahubiri ya kila mwaka: kupotea kwa lulu zile kulikuwa adhabu ya Mungu kwa watu waliotaka kuondoka mahali walipowekwa, kwani kila mtu ni kama askari aliyepangiwa sehemu yake ya kulinda katika ngome ya ulimwengu. Wizi umekwisha kugeuzwa kuwa somo la dini, na walioibiwa ndio wanaoungama.

Mpangilio huo una umri. Hernán Cortés, Mhispania aliyeiteka Mexico, alitia nanga katika ghuba ya La Paz mwezi Mei 1535, na lulu zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta Wahispania kwenye pwani hiyo. Katika novela, sehemu ile ile ya chaza ambako Kino anazamia ndiyo iliyomsaidia mfalme wa Uhispania kugharimia vita vyake na kuyapamba makanisa kwa ajili ya roho yake, na kabila la daktari limewapiga, kuwanyima chakula na kuwadharau watu wa Kino kwa karibu miaka 400. Hata jina la Kino ni la Eusebio Kino, mmisionari Mjesuiti aliyefanya kazi katika eneo hilo karne ya 17. Na wakati Steinbeck anapita huko mwaka 1940, chaza wa lulu walikuwa wamevuliwa hadi wakakaribia kwisha. Watu wa La Paz walikuwa wanasimulia habari ya lulu kubwa katika bahari ambayo lulu zake zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa.

Hapa ni lazima niwe mwaminifu, kwa sababu ni rahisi kumtetea Kino hadi akawa malaika, na Steinbeck hakumwandika hivyo. Usiku ule baada ya mwizi wa kwanza, Juana anasema wazi kwamba lulu hii ni uovu, ni kama dhambi, itawaangamiza. Anataka waivunje kati ya mawe, waizike, waitupe baharini. Siku ya pili anaamka gizani, anaichukua na kwenda nayo ufukweni ili airushe. Kino anamfuata, anampiga ngumi usoni, na anapoanguka kati ya mawe anampiga teke ubavuni. Hakuna padre wala daktari wala mnunuzi aliyeuongoza mkono huo. Muda mfupi baadaye anashambuliwa njiani na anaua mtu. Mtumbwi wake, aliorithi kutoka kwa baba yake na baba yake kutoka kwa babu, unatobolewa. Kibanda chake kinateketezwa. Na bado, kaka yake anapomshauri auze kwa bei yoyote, anajibu kwamba lulu imekuwa roho yake, akiiacha ataipoteza roho.

Hapo ndipo tamaa inapogeuza uso. Si siku ile alipoota shule. Ni pale lulu ilipokoma kuwa njia ya kumfikisha mtoto shuleni na ikawa yeye mwenyewe. Steinbeck anatuonyesha mageuzi hayo kwa namna inayoumiza. Wakiwa wanakimbia kuelekea kaskazini, upande wa Loreto, Kino anaitazama lulu ili aone tena ndoto zake. Anatafuta bunduki, anaona mtu amelala chini, damu inamtoka kooni. Anatafuta ndoa ya kanisani, anaona Juana mwenye uso uliovimba kwa kipigo akitambaa kurudi nyumbani. Anatafuta mtoto anayesoma, anaona uso wa Coyotito uliovimba kwa dawa ya daktari. Ndoto zote bado zimo, ila kila moja imeonyesha gharama yake.

Kuna wanaoiweka novela hii karibu na mfano wa lulu ya thamani kubwa katika Injili ya Mathayo, sura ya 13, ambamo mfanyabiashara anauza vyote alivyo navyo ili ainunue lulu moja. Uhusiano upo, lakini umepinduliwa. Kwa Steinbeck wafanyabiashara hawauzi chochote wala hawatoi chochote. Ni mzamiaji anayepoteza vyote alivyo navyo, mtumbwi, nyumba na mtoto, na lulu yenyewe haiuziki. Katika utangulizi wake mfupi Steinbeck alisema kwamba ikiwa hadithi hii ni fumbo, pengine kila mtu atalifumbua kwa namna yake na kuyasoma humo maisha yake mwenyewe. Alisema pia kwamba katika hadithi zinazosimuliwa mara nyingi kuna wema na ubaya tu, nyeupe na nyeusi, bila cha katikati. Jambo hilo la pili naliona kuwa udhaifu wa kitabu na nguvu yake kwa pamoja. Daktari hana hata chembe moja ya huruma, jambo ambalo si la kawaida hata kwa watu wabaya, na mara kadhaa mwandishi, mgeni aliyepita La Paz kwa siku chache, anawaeleza wenyeji kwa lugha inayowakaribisha mno na wanyama. Lakini palipo muhimu zaidi, ndani ya Kino, cha katikati kipo tele.

Hadithi ilitoka kwanza katika jarida la Woman's Home Companion, Desemba 1945, kisha kama kitabu mwaka 1947, kikiwa na michoro ya mchoraji wa Mexico José Clemente Orozco. Filamu yake, La Perla, iliyoongozwa na Emilio Fernández, ilitoka Mexico mwaka huo huo wa 1947, na Steinbeck alishiriki kuandika mswada wake. Kuandikwa kwake kwa ajili ya macho na masikio kunaonekana hata ndani ya kitabu, ambamo Kino husikia nyimbo: wimbo wa familia, wimbo wa uovu, na wimbo wa lulu, ambao kadiri kurasa zinavyokwenda unazidi kuchanganyika na ule wa uovu hadi sikio lishindwe kuitenganisha.

Mwisho wake unafahamika. Wasaka nyayo watatu, wawili kwa miguu na mmoja juu ya farasi akiwa na bunduki, wanawafuata hadi milimani. Kino anawaficha mke na mtoto pangoni, anavua nguo zake nyeupe ili asionekane, anateremka gizani kuwavizia. Mtoto analia. Mwenye zamu anadhani ni mtoto wa koyoti, mnyama wa mwituni anayefanana na mbweha, anafyatua risasi kuelekea juu. Jina Coyotito maana yake ni koyoti mdogo. Wazazi wake walimpa jina la upendo, na anauawa na mtu aliyemsikia kama jina lake.

Wanarudi mjini jua linapoelekea kutua. Siku zote walikuwa wakitembea mmoja nyuma ya mwingine, Kino mbele na Juana nyuma. Sasa wanatembea sambamba. Watu wanaowaona wanarudi nyuma na hakuna anayethubutu kuwasemesha. Wanapita mjini, wanapita vibandani, wanafika majini. Kino anaitoa lulu, anaitazama kwa mara ya mwisho, kisha anamgeukia Juana, ambaye tangu mwanzo alitaka kuitupa, na kumpa aitupe yeye. Kijana wa La Paz hakuwa na mtu wa kumpa. Juana, shali yake bado iko begani na mzigo wake ndani, anamtazama na kusema kwa upole: hapana, wewe. Kino anairusha kwa nguvu zake zote, na wote wawili wanasimama kwa muda mrefu wakiangalia pale ilipoanguka. Chini, kaa anayekimbia mchangani anatimua vumbi dogo la mchanga, na linapotulia lulu haionekani tena. Hakuna aliyecheka.